Seli za Panya na Mkono Nilioinyoosha

Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika kikao cha kupitia bajeti ya taasisi moja ya umma huku Nyanda za Juu Kusini. Mimi ni mhadhiri wa sayansi ya jamii; nilialikwa kama mjumbe kutoka nje. Saa nane mchana, njaa ikituuma, tulifika kwenye kifungu kilichoomba fedha za naitrojeni ya kimiminika na betri za akiba kwa ajili ya kutunza seli za panya. Mjumbe mmoja akauliza kama panya wa Mbeya wamekwisha hata tuwatengee bajeti wa kigeni. Ukumbi ukaangua kicheko. Nami nilicheka. Kifungu kikasogezwa hadi mwaka wa fedha uliofuata, na mkono wangu ulikuwa miongoni mwa ile iliyonyooshwa kuunga mkono.

Aliyeandika ombi lile alikuwa binti niliyewahi kumfundisha Iringa. Sikulijua hilo hadi nilipopita Mbeya kwa shughuli nyingine, akanisalimu mlangoni: "Shikamoo, Mwalimu." Akanivalisha koti jeupe, akaniinamisha kwenye hadubini.

Nilichokiona kilifanana na sakafu ya vigae. Zilikuwa seli za endothelia, yaani zile zinazotanda upande wa ndani wa mishipa ya damu. Hizi, zinazojulikana kwa jina la bEnd.3, asili yake ni ubongo wa panya wa maabara. Zilipachikwa jeni ya kirusi cha polyoma ili ziendelee kugawanyika pale ambapo seli za kawaida huchoka. Wanasayansi huuita mfululizo wa namna hiyo laini ya seli. Mimi niliuona kama ukoo: waliopo leo ni vitukuu vya seli chache za zamani.

Kuutunza ukoo huo ni kazi ya kila siku. Seli hukaa katika inkubeta yenye nyuzi joto 37 na kabonidioksaidi ya asilimia 5. Chakula chake ni maji ya rangi ya waridi yenye sukari, chumvi na seramu ya ndama. Yakigeuka manjano, yamechafuka na yabadilishwe. Zikijaa chupa, hubanduliwa kwa kimeng'enya cha tripsini na kugawiwa chupa mpya. Lakini kadiri zinavyogawiwa mara nyingi, ndivyo zinavyobadilika tabia. Kwa hiyo mtafiti huweka akiba ya seli za mwanzo ndani ya naitrojeni, katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, arejee huko kila anapohitaji. Naitrojeni nayo hupungua kila siku hata mtungi ukiwa umefungwa.

"Kwa nini panya?" nilimuuliza, nikikumbuka kicheko chetu.

Akanieleza kuhusu malaria ya ubongo, ugonjwa ambao wazazi wengi wameuita degedege na kuutafutia tiba kwa mganga. Ukuta wa mishipa ya ubongo hulegea na kuvuja, mtoto akapoteza fahamu. Mtoto hawezi kufunguliwa kichwa ili tutazame. Panya ana malaria yake: kimelea cha Plasmodium berghei, kilichogunduliwa Katanga mwaka 1948, husababisha kwa panya wa maabara ugonjwa unaofanana na huo kwa kiasi. Yeye alimwagia seli zake kemikali ambazo mwili huzitoa wakati wa malaria kali, kisha akapima ukuta unavuja kwa kasi gani. Alikiri kwamba panya si mtoto, na kwamba jibu lolote lingepaswa kujaribiwa tena kwenye seli za binadamu.

Kisha akaniambia yaliyotokea. Mtungi wa naitrojeni ulikauka kwa kukosa fedha za kuujaza, akiba yote ikaharibika. Zikabaki seli za kwenye inkubeta pekee. Usiku wa Jumamosi moja umeme ulikatika, na betri hazikuwapo. Jumatatu alikuta zimebanduka, zinaelea. Kazi ya miezi kumi na minne aliimwaga kwenye ndoo ya dawa. Alinionyesha ndoo yenyewe. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia siku hiyo kwamba nilikuwamo kikaoni.

Niliporudi Iringa niliwapeleka wanafunzi Kalenga, kama nifanyavyo kila mwaka, kuona fuvu la Mtwa Mkwawa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo; lilirejeshwa mwaka 1954. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini tusidai pia seli za watu wetu. Swali lilikuwa la haki. Ipo laini ya seli iitwayo Namalwa, iliyotokana na uvimbe wa mtoto wa Kiafrika miaka ya 1960. Ilitumika Ulaya kuzalisha dawa ya interferoni.

Nilimuunga mkono, lakini nikamwambia jambo lililokuwa likinisumbua. Fuvu hukaa kwenye kabati la kioo. Seli zikirejeshwa kesho, zitahitaji umeme usiokatika na mtungi usiokauka, na fedha za vitu hivyo hupitishwa au kukataliwa na watu kama mimi, saa nane mchana.

Wala si kwamba hatuwezi. Wafugaji wa Rungwe wanaifahamu naitrojeni; ndiyo inayotunza mbegu za uhimilishaji wa ng'ombe wao. Hakuna mjumbe aliyewahi kuicheka, kwa sababu maziwa tunayaona. Utafiti wa binti yule ulihitaji mtungi uleule, ila matunda yake yangechelewa kuonekana.

Mwaka uliofuata kifungu kilirudi mezani. Niliomba niseme kwanza, nikaeleza nilichokiona kwenye hadubini na kwenye ndoo. Safari hii hakuna aliyecheka. Fedha za betri zilipitishwa. Za naitrojeni zilisogezwa tena. Jioni nilimpigia simu binti yule, nikamweleza yote, pamoja na mkono wangu wa mwaka wa kwanza. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Asante kwa betri, Mwalimu. Seli mpya nimeshaziomba."