Nafasi ya postnom, na nani anaitunza

Swali ninaloletewa mara nyingi hapa Fungurume ni hili: "Ndugu mwandishi, kwa nini jina langu halionekani kwenye liste?" Wanaouliza ni jamaa waliohama, wengine kwa sababu ya vita, wengine kwa sababu chimbo limefika shambani kwao. Asiyekuwa kwenye liste hahesabiwi siku ya kugawa. Ndiyo maana leo naandika juu ya kompyuta zinazotunza majina.

Sisi Wakongomani tuna majina matatu: jina, postnom na prénom. Mwaka 1972 Mobutu alikataza prénom za Kizungu, na postnom zikashika mizizi. Prénom zikarudi baadaye, na karte ya uchaguzi inabeba yote matatu. Ukiita "Ilunga!" sokoni, vichwa vingi vitageuka. Postnom ndiyo inatenganisha Ilunga huyu na yule.

Mashirika mengi duniani huweka majina ya watu kwenye seva ya saraka. Hilo ni daftari kubwa ambalo kompyuta nyingine zinaliuliza: huyu ni nani, anaruhusiwa nini? Moja inayojulikana sana ni OpenLDAP, iliyoanza mwaka 1998 juu ya kazi ya Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Ni programu huria: hailipiwi, na fundi yeyote anaweza kuifungua na kuibadilisha. Lakini kanuni yake ya kawaida ya kuandika mtu inadai jina kamili na jina la ukoo. Prénom imewekewa nafasi. Postnom haikuwekewa.

Fundi anaweza kuongeza nafasi hiyo. Akitaka seva ifanye kazi zaidi, anachomeka moduli, kipande kidogo cha programu kinachoshikamana na ile kubwa. Kuna moduli inayozuia namba moja isiandikiwe watu wawili. Nyingine, mtu akifutwa, inaondoa jina lake katika vikundi vyote alimokuwa. Ziko pia moduli zilizotolewa na watumiaji wenyewe. Hizo unazipokea kama zilivyo, na mzigo wa kuzitunza ni wako.

Hapo ndipo penye shida. Toleo la 2.4 la OpenLDAP lilitoka mwaka 2007. Mwaka 2021 likaja 2.5, ambalo liliondoa njia ya zamani ya kuhifadhi data. Aliyekuwa akiitumia ilimbidi atoe majina yote kwenye faili la maandishi, ayaingize upya, na moduli za nyongeza azijenge tena zikubaliane na toleo jipya. Kama fundi aliyeziandika aliondoka mradi ulipokwisha, nani atafanya kazi hiyo? Ofisi itabaki na programu kuukuu ambayo hitilafu zake za usalama hazizibwi tena, au itazima moduli na kuendelea bila ukaguzi. Tunalijua jambo hili kwa pampu za maji. Siku ya kuzindua kuna ngoma na hotuba. Kipuli kikikatika, hakuna anayejua kinapatikana wapi.

Kwa hiyo, wakuu wa mitaa na kamati za waliohama, mtu akiwaletea mfumo wa kuandika majina, msiulize bei tu. Ulizeni nani atatunza sehemu iliyoongezwa kwa ajili yetu, na nani atamlipa mwaka wa tatu. Ulizeni kama kuna kijana wa hapa, Kolwezi au Lubumbashi, anayefundishwa kazi hiyo. Ulizeni kama majina yote yanaweza kutolewa kwenye faili la kawaida, na nani atalifungia lisishikwe na kila mtu, maana kwa aliyekimbia vita jina likivuja ni hatari.

Na wewe mama, wewe papa, siku ya kuandikishwa usiondoke mezani haraka. Mwambie karani akusomee alichoandika. Usikie majina yako yote matatu.