Shamba Halibebwi Kichwani

Barabara ya kutoka Eringeti kupitia Oicha na Mavivi hadi mjini Beni imeona mizigo ya kila namna. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kutapakaa vijijini mwetu, watu wamepita hapo na magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kwa mpira juu ya pikipiki, masufuria ndani ya beseni, bidoni za njano, mbuzi wa kuvutwa kwa kamba, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Nimewatazama wengi wakipita, na zamu yangu ilipofika nami nikabeba. Sasa nina neno kwa vijana wa Beni na Butembo, mliozaliwa vita vikiwa vimeshaanza: kukimbia mnakujua kuliko sisi wazee, lakini kuhama hakuna aliyewafundisha.

Wazazi wangu walihama kwa hiari. Milima ya Lubero ilikuwa imejaa watu. Shamba la babu liligawanywa kwa wanawe, kisha kwa wajukuu, mpaka kila mmoja akabaki na ukanda unaopanda mlimani kama mkanda wa suruali. Ndipo vijana wa wakati ule wakaanza kushuka kwenye nchi ya joto, upande wa Beni, na wengine wakaenda mbali zaidi hadi msitu wa Mambasa. Haikuwa safari ya usiku mmoja. Mwanaume alitangulia peke yake, akaomba ardhi kwa mkubwa wa kijiji, akatoa mbuzi na pombe ya ndizi mbele ya mashahidi, akajenga kibanda, akapanda, akarudi mlimani. Mke na watoto walishuka baadaye, chakula kikiwa tayari shambani.

Na mizigo yao ilipangwa. Jembe na panga vilitangulia, maana bila hivyo hakuna maisha. Kisha machipukizi ya migomba yaliyofungwa kwa majani makavu. Kisha mbegu za maharage, na hapa akina mama walikuwa na elimu yao. Kila mmoja alikuwa na mchanganyiko wake, meupe, mekundu, yenye madoa, kwa sababu aina moja huvumilia mvua nyingi na nyingine huvumilia jua. Ukichukua aina moja tu umechukua nusu ya shamba. Jiwe la kusagia lilikuwa zito mno, likaachiwa dada aliyebaki. Ngano nayo iliachwa, na viazi mviringo, maana mazao hayo yanapenda baridi ya juu na huku chini yangeoza. Mama alivitamani viazi vyake miaka mingi. Lakini alijifunza muhogo, mpunga na michikichi kutoka kwa watu aliowakuta, akala walichokula, akapika sombe yao hadi ikawa yake. Aliacha mazoea ya mlimani bila kulazimishwa na mtu, na kwa sababu hiyo alidumu mahali pale.

Jambo moja hawakulifanya kamwe: hawakuondoka wote. Daima ndugu mmoja alibaki juu kulinda makaburi na mipaka. Nilipokuwa mtoto sikuliona jambo hilo kuwa kubwa. Leo naona kwamba ndilo lililokuwa nguzo ya kuhama kwao, kwa kuwa aliyeshuka alijua kuna mtu anayeweza kusimama mbele ya wazee na kusema, hapa ni pa fulani.

Wengine hawakupata nafasi hiyo. Wakati wa Wabelgiji, watu wa bonde la Semliki waliondolewa kwenye ardhi yao kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na sehemu ya ardhi hiyo ikaingia katika hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, ambayo leo tunaiita Virunga. Waliohamishwa hawakuwa na karatasi, wala ndugu aliyebaki. Wajukuu wao bado wanahadithiana kuhusu mashamba yale, na mkononi hawana kitu cha kuonyesha.

Kisha vikaja vita. Waasi walipofika kwetu mwaka 1964, tulilala porini, tukarudi. Mwaka 1996 tulijificha, tukarudi. Mwaka 2002 na mwanzoni mwa 2003, vita vya Mambasa vilileta maelfu ya watu Eringeti, Oicha na Beni, nasi tukawapokea majumbani. Familia moja ilikaa chumba kimoja, na nyingine ikakaa ukumbini, na shamba la mwenyeji likawalisha wote. Baada ya miaka kumi na kidogo, wenyeji wale wale waliofungua milango walikuwa barabarani na magodoro yao. Hili ndilo jambo linaloniuma ninapowatazama vijana wa leo. Sisi tuliona kuhama kunakoisha, tukaona watu wakifika, wakipanda, wakivuna, wakiwaoza binti zao mahali papya. Ninyi mmeona kutoka Mbau kwenda Oicha, kutoka Oicha kwenda Beni, na hata Beni mjini hakukuwa mwisho, maana Agosti 2016 waliuawa watu Rwangoma, ndani ya mji. Mtoto aliyekua hivyo hudhani kwamba mali ni kile tu kinachoweza kunyakuliwa gizani.

Mnaanza na godoro, na siwalaumu. Wengi wetu hatukai kambini, tunakaa kwa watu: kwa shemeji, kwa muumini mwenzetu, kwa mtu aliyesoma na kaka yetu. Mwenyeji ana sakafu, lakini godoro la ziada hana. Mama anayefika na godoro na sufuria yake anaingia kwa heshima, na anaweza kukaa mwezi wa pili na wa tatu bila kuchokwa haraka. Hiyo ni akili. Hata hivyo, miaka ya Ebola ilitufundisha kwamba hata godoro huachwa. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 ugonjwa huo uliwapata watu 3,470 katika sehemu zetu na Ituri, na 2,287 walikufa. Timu za afya zilipokuja kunyunyiza dawa na kuchoma matandiko ya marehemu, wapo waliofikiri wanaporwa, wakaficha godoro na nguo usiku, wakazipeleka kwa ndugu mtaa mwingine. Ugonjwa ukazifuata. Kikwembe cha marehemu mama yako kina thamani ambayo hakuna mtu wa nje anayeweza kuipima, nami nawahurumia waliokishika na kukataa kukiachia. Ila watoto walio hai wana thamani kubwa zaidi.

Baada ya godoro mnachukua simu, na hapo mko mbele yetu. Simu inaweza kubeba picha ya kadi ya uchaguzi, ambayo ndiyo kitambulisho chetu katika nchi hii, na bila hiyo kila kizuizi cha barabarani ni mateso. Inaweza kubeba picha ya diploma ya Serikali, kadi ya ubatizo, kijitabu cha chanjo cha mtoto, karatasi ya kununulia kiwanja. Lakini simu huporwa kabla ya kitu kingine chochote. Kwa hiyo picha hizo zisilale ndani ya simu moja: mtumie dada aliye Kampala, mtumie rafiki aliye Kisangani, umwombe azihifadhi. Na paroko au mchungaji wako akiwa na daftari la ubatizo, mwombe jina lako lisomeke vizuri. Kuna watu ambao baada ya moto daftari la parokia ndilo karatasi pekee iliyobaki kushuhudia kwamba walizaliwa.

Jina lenyewe, namshukuru Mungu, halihitaji mfuko. Kwetu Wanande, Paluku ni mvulana wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu. Masika ni msichana wa kwanza, Kavira wa pili. Nimewahi kuona watoto waliotenganishwa na wazazi wakipokelewa na wageni, na kwa majina yao tu tukajua nani mkubwa na kwamba kuna mmoja asiyekuwepo, tukaanza kumtafuta. Kuna vijana wanaoacha majina haya kwa sababu yanafanana mno, wanataka majina ya filamu. Nawaomba muyashike. Ongezeni mengine mkitaka, lakini haya msiyaache.

Sasa nifike kwenye shamba, kwa kuwa ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mashamba yetu mengi hayana hati. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi ni ya taifa, na kuhusu ardhi ambazo wanavijiji wanazishika kimila iliahidi amri ya Rais itakayopanga mambo. Miongo ikapita bila amri hiyo kutolewa. Kwa hiyo haki ya baba yako juu ya shamba la Mbau au Kamango imeshikiliwa na vitu vitatu: mashahidi walioona akitoa mbuzi, miti iliyopandwa mpakani, na makaburi. Mashahidi wameuawa au wametawanyika, mmoja Bunia, mmoja Uganda. Miti inakatwa kwa makaa. Yamebaki makaburi, nayo yanamezwa na majani kukiwa hakuna wa kupalilia.

Na shamba lenyewe siku hizi lina thamani kuliko zamani. Ugonjwa wa mnyauko ulipomaliza kahawa ya robusta katika nchi yetu ya joto, watu wa Beni walipanda kakao. Mti wa kakao unakaa miaka mitatu hadi mitano kabla ya kuzaa sawasawa, kwa hiyo aliyepanda alikuwa anamwekea mtoto wake akiba. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani. Nani anavuna kakao ya mkimbizi? Mara nyingi si yeye. Wapo waliorudi asubuhi kuchuma na kukusudia kulala mjini jioni, wakakatwa kwa panga chini ya miti waliyoipanda wenyewe. Kila msimu wa mavuno tunazika. Ndiyo maana namwambia kijana anayetaka kurudi kwa ajili ya magunia mawili: kakao iache, hata ikivunwa na mwizi. Mavuno ya mwaka mmoja yanaweza kupotea. Haki ya ardhi ndiyo isiyopaswa kupotea, na hiyo inaweza kubebwa bila kukanyaga msitu.

Inabebwa kwa daftari. Keti na baba yako, na kama hayupo, shangazi yako, ambaye mara nyingi anajua zaidi kwa sababu yeye ndiye aliyelima. Andika jina la kilima na la kijito. Andika majina ya majirani wa pande zote, na ya watoto wao. Andika nani aliyempa babu ardhi, mbele ya nani, na alitoa nini. Andika mti gani ulipandwa mpakani na nani aliyeupanda. Andika makaburi: nani amelala wapi, kichwa kikielekea wapi, umbali gani kutoka mlango wa nyumba ya zamani. Majirani wale wale wako mjini humu pamoja nawe, wamepanga chumba mtaa wa pili. Watafute, muandike pamoja, kila mmoja atie sahihi kwenye daftari la mwenzake sasa, wakati mnalia pamoja na hakuna anayetamani shamba la mwenzake. Siku ya kurudi, moyo wa mtu huweza kubadilika.

Kisha kuna mzigo ambao wengi wanauacha mwisho, nao ni sisi wazee. Mara nyingi wenyewe ndio tunaokataa. Tunasema, niacheni, nimeishi vya kutosha, nani atamdhuru mzee? Wamedhuriwa wengi, nyumbani mwao, kando ya moto. Usisubiri milio ya risasi ndipo ubishane na bibi yako. Mtoe mara uvumi wa kwanza unaposikika, wakati pikipiki bado ina nafasi na barabara bado iko wazi, kabla ya godoro na kabla ya televisheni. Mwambie unamhitaji kwa ajili ya daftari. Ni kweli, na mzee anayejua kwamba anahitajiwa huondoka.

Kwa watu wa Butembo nina ombi pia. Mji wenu umejengwa na watu walioshuka na kupanda milima na mizigo, na biashara zenu zimefika Dubai na Guangzhou. Tangu zamani mmewapokea watu wa Beni, na baada ya Kanyabayonga kuanguka mikononi mwa waasi mwishoni mwa Juni 2024 wakaja pia watu wa kusini mwa Lubero, kwa miguu, kwa malori, kwa chukudu. Mmewapa vyumba na maharage, na Mungu ameona. Lakini najua pia kwamba karatasi za mashamba zinazunguka mjini. Mtu ana mtoto mgonjwa, mwenye nyumba anadai garantii ya miezi, na shamba la baba liko mahali ambapo hathubutu kwenda. Anauza kwa bei ya chakula cha mwezi mmoja. Muuzaji wa namna hiyo hajakubali, amebanwa.

Kijana uliye mkimbizi, usiuze shamba la familia ukiwa katika hali hiyo. Kopa, fanya kibarua, omba kanisani, lakini usiuze. Na wewe mfanyabiashara wa Butembo, ukiletewa shamba la Oicha au la Mbau na mtu ambaye macho yake hayajalala, usilinunue. Likodi kwa misimu michache, mbele ya mashahidi, kwa maandishi, umpe fedha anayohitaji leo, na siku amani ikifika umrudishie ardhi ya baba yake.