Wanasikitika, Lakini Watalipa?

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii nimeisikia tangu nikiwa shule ya msingi, na nimeitia katika insha zangu mara nyingi nikitafuta alama. Maana yake hasa niliijua mwaka jana nikiwa kidato cha pili, wakati magunia mawili ya omena ya mama yangu yalipolowa juu ya basi. Wasomaji wapenzi, nisikilizeni hadi mwisho, maana kisa hiki kina omena kidogo na Kiingereza kingi.

Sisi tunakaa hapa Manyatta, si mbali na Kondele, na mama huuza omena sokoni Kibuye. Wanaoijua biashara hii wanajua kwamba kila mwaka, kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena hufungwa ili samaki hao wadogo wapate kuzaana. Miezi hiyo nyumba zinazotegemea omena hukaza mkanda. Agosti ikifika, kila mtu anatafuta mtaji. Mama alikopa shilingi 15,000 katika chama chao cha akina mama, akanunua magunia mawili ya omena zilizokauka vizuri, na akapata mteja wa Nakuru. Tuliyasukuma kwa mkokoteni hadi kwenye basi. Karani wa mizigo akamwambia, "Usijali mathe, hii inaingia kwa buti." Akamwandikia risiti. Mama akaikunja na kuifunga kwenye pindo la leso, mahali anapoweka pesa.

Kumbe magunia hayakuingia kwenye buti. Yalipandishwa kwenye keria, juu, bila turubai. Na mvua ya Kericho haibishi hodi. Kesho yake mteja alipiga simu kusema kwamba omena zimelowa chapachapa na zimeanza kunuka. Hazipokei na halipi.

Mama alikaa kimya kwa muda, kisha akanitazama. "Nyathina, wewe si unasoma? Waandikie."

Wenzangu, nakiri kwamba nilifurahi. Magunia yalikuwa yameharibika, mama ana deni, nami ninafurahi! Nilijiona mtu mkubwa. Nilidhani kwamba Kiswahili ni cha sokoni na cha makanga wa matatu, na kwamba ofisi husikia Kizungu tu. Nilichukua kamusi ya Kiingereza nikatafuta maneno mazito mazito. Niliandika kwamba mama yangu yu "flabbergasted", yaani amepigwa na butwaa. Nikaandika kwamba kitendo chao ni "barbaric", yaani cha kishenzi. Nilijaza kurasa mbili za fulskapu. Nilipomaliza nilimsomea mama kwa Kiingereza hicho hicho, naye akatikisa kichwa kwa heshima ingawa hakuelewa hata sentensi moja. "Kizungu kimeingia," alisema, akatia sahihi.

Sasa sikilizeni mambo ambayo sikuyaandika. Sikuandika nambari ya risiti. Sikuandika tarehe ya safari. Sikuandika kwamba karani aliahidi buti. Sikuandika mali ilikuwa ya shilingi ngapi. Na la kuchekesha zaidi, sikuandika tunataka nini! Kurasa mbili nzima za hasira, na mtu akizisoma hajui afanye nini.

Baada ya wiki tatu jibu lilikuja. Karatasi ilikuwa nyeupe pe, yenye nembo juu na muhuri chini. Ilimwita mama "Dear Madam". Ilisema hivi kwa ufupi: "We regret any inconvenience caused. The matter is being looked into and you will be advised in due course." Kisha mwishoni waliahidi kumhudumia vyema wakati wote. Nilisoma mara mbili. Lugha ilikuwa laini kama mafuta ya nazi. Mama akauliza, "Wanasemaje?"

Nikajibu bila kusita, "Mama, wamekubali."

Jumamosi ile mama alikwenda kwenye chama akasimama mbele ya wenzake, akawaambia pesa ziko njiani. Walimpigia makofi. Wiki mbili zikapita, mwezi ukapita. Jioni moja mweka hazina alikuja nyumbani na mama mwingine. Hawakugomba, walikunywa chai yao polepole. Lakini walipoondoka nilijua mambo yameharibika. Katika chama, neno la mtu ndilo dhamana yake, na neno la mama lilikuwa limeonekana la uongo. Walimtoza faini, na zamu yake ya kupokea mchango ikasukumwa hadi mwisho wa mwaka. Pesa zangu za chakula cha mchana shuleni zilitarajiwa kutoka humo. Kwa hivyo muhula ule, kengele ya mchana ikilia, mimi nilikuwa nikienda kuketi chini ya mti nyuma ya maabara nikijifanya nasoma.

Ni njaa iliyonipeleka kwa mwalimu wetu wa Kiingereza na ile barua mkononi. Aliisoma, akanirudishia. "Nionyeshe mahali walipokubali," alisema.

Nilitafuta mstari kwa mstari kwa kidole. Sikupaona.

Hapo ndipo nilipofundishwa Kiingereza ambacho kamusi yangu haikunipa. Mwalimu alisema "regret" ni kusikitika, na mtu anaweza kusikitika kwa jambo ambalo hakulifanya, kama tunavyosikitika jirani akifiwa. Neno la kuomba radhi ni "apologise", na hilo halikuwamo. "Inconvenience" ni usumbufu, kama kusimama foleni. Magunia mawili yaliyooza si usumbufu, ni hasara. Tena hawakusema usumbufu walioutia, walisema usumbufu wowote, kama upo. "Looked into" ni kuchunguza, lakini nani anachunguza? Sentensi haina mtu ndani yake. Na "in due course" ni wakati wake utakapofika, na wakati huo hauko kwenye kalenda yoyote.

"Sasa tafuta maneno matatu," akasema. "Refund, replace, compensate." Kurudisha pesa, kubadilisha mali, kufidia. Hakuna hata moja lililokuwamo.

Mwalimu alinifungulia kamusi kubwa ya maktaba inayoeleza asili ya maneno. Neno "complain", kulalamika, asili yake ni Kilatini, kujipigapiga kifua kwa majonzi. Na "regret" lilitoka Kifaransa cha kale, kumlilia marehemu. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Kumbe maneno yote mawili yalitoka matangani! Mama alijipiga kifua, nao wakalia pamoja naye, lakini hakuna aliyetaja nani atalipia jeneza.

Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko kamusi. Ilinibidi nimweleze mama. Nilimkuta akichambua omena kwenye ungo, nikapiga magoti kumsaidia.

"Mama, ile barua. Hawakukubali."

"Walisema nini hasa?"

"Walisema wanasikitika."

"Hata mimi nasikitika. Watalipa?"

"Hawakusema."

Aliendelea kuchambua. Kisha akauliza, "Mbona uliniambia wamekubali?"

Ningeweza kusema kwamba nilikosea tu. Lakini ukweli ni kwamba siku ile, nilipofika kwenye yale maneno ya mwisho, sikuyaelewa sawasawa, na niliona haya kusema. Mama hulipa karo nisome, nitamwambiaje kwamba barua ya mistari minne imenishinda? Kwa hivyo nilikisia, na kisio langu likaenda kusimama mbele ya chama na leso ya mama. Nilimwambia hivyo hivyo. Hakunipiga wala hakunikemea. Alisema tu, "Siku nyingine ukikosa kuelewa, sema. Mimi nimekaa miaka mingi bila kuelewa Kizungu na sijafa."

Tuliandika barua ya pili, na safari hii kwa Kiswahili. Mwalimu mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alinikumbusha kwamba Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, inasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza, zote mbili. Akatuambia pia kwamba kwa jirani zetu wa Tanzania barua za ofisi huandikwa kwa Kiswahili kila siku, zikiwa na "Yah:" hapo juu, na nyingi huanza kwa kumwomba msomaji ahusike na kichwa cha habari. Barua rasmi ambayo sisi huikariri kwa ajili ya karatasi ya kwanza ya KCSE, yenye anwani mbili, "KUH:" na "Wako mwaminifu", kumbe ni chombo cha kazi kama jembe!

Faida kubwa niliiona palepale. Nilipokuwa nikimsomea mama, alinikatiza. Nilikuwa nimeandika kwamba basi lilichelewa kufika. "Halikuchelewa," alisema. "Futa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Nilikuwa nimeandika kwamba karani alikuwa na kiburi. "Hakuwa na kiburi. Alisema buti. Andika buti." Barua ya kwanza ilikuwa yangu na mama alitia sahihi tu. Hii ya pili ilikuwa yake, mimi nikiwa karani wake.

Ilitoshea ukurasa mmoja. Aya ya kwanza: tarehe, nambari ya risiti, magunia mawili, Kisumu hadi Nakuru. Aya ya pili: karani aliahidi buti, magunia yakapandishwa kwenye keria bila turubai, yakalowa, mteja akayakataa. Aya ya tatu: hasara ni shilingi 15,000, nasi tunaomba tulipwe katika siku 14. Tulitaja kifungu cha 46 cha Katiba, kinachompa mtumiaji wa huduma haki ya kupata huduma yenye ubora unaofaa na kufidiwa hasara inayotokana na dosari ya huduma hiyo. Tukaambatisha nakala ya risiti, na risiti yenyewe ikarudi kwenye leso. Mwalimu alituambia pia kwamba ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya 2016, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na kwamba mtu anaweza kwenda mwenyewe bila wakili. Hatukuitaja kwenye barua. Mama alisema usimwonyeshe mtu rungu kabla hujamwona anakujia.

Siku ya 11 simu ililia. Mtu wa upande wa pili alizungumza Kiswahili. Aliuliza kama risiti halisi ipo. Mama akasema ipo. Alisema watalipa gunia moja, shilingi 7,500, kwa sababu magunia hayakuwa na nailoni ndani, kwa hivyo kosa ni la pande zote mbili. Mama alifikiri kidogo. "Hayo uliyosema yaandike uniletee," akamwambia. Waliandika, wakalipa kwa M-Pesa, na mama akaipeleka barua ile kwenye chama pamoja na pesa ili wenzake wajisomee. Nusu ya deni iliyobaki alilipa polepole hadi Desemba. Sikuwaficha, hatukupata haki yote. Lakini siku hizi magunia ya mama yana nailoni ndani, na neno lake limerudi mahali pake.

Wenzangu wa kidato cha tatu, sisemi tutupe Kiingereza. Tutakihitaji, na barua nyingi zitatujia kwa lugha hiyo. Ninachosema ni kwamba tukisome kama tunavyohesabu chenji, bila kuona haya kurudia. Barua ya malalamiko haipimwi kwa uzito wa maneno. Iwe na lini, wapi, nini, shilingi ngapi, na unataka nini. Na baadhi yetu kesho ndio watakaokuwa makarani wa kujibu barua hizo. Ukiwa huyo karani, mwambie mtu kilichotokea, kosa ni la nani, utafanya nini na siku gani. Ukiwa na kosa, omba radhi, usisikitike tu. Ikiwa hutalipa, sema hutalipa na useme kwa nini, ili mtu asiende kusimama mbele ya wenzake na ahadi ambayo hukuitoa.

Juzi nilileta nyumbani barua kutoka shuleni kuhusu mkutano wa wazazi. Mama hakuniuliza inasema nini. Aliuliza, "Ina tarehe?" Nikatazama vizuri kabla ya kujibu. Ilikuwa nayo.

Kalamu naiweka chini.