Alipoanguka, mwanangu hakuniita mimi

Mwanangu mdogo ana mwaka mmoja na miezi tisa. Jumapili ile alipoanguka na kuchubuka goti nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake. Nikachuchumaa, nikafungua mikono. Alinitazama, akachungulia nyuma yangu kama anayemtafuta mtu, kisha akaangua kilio: "Dada! Dada!"

Dada hakuwepo. Ni binti anayetusaidia kazi za nyumbani, na siku mbili kabla alikuwa amepanda basi kwenda kwao Singida kumuuguza mama yake. Mtoto hakulijua hilo. Alizidi kulia, na nilipomnyanyua alijipinda mgongo akitaka kushuka.

Mama mmoja aliyekuwa amekaa na wanawe kwenye mkeka alisogea, akaniuliza kwa upole kabisa, "Pole dada yangu. Mama yake yuko wapi?"

Nikamjibu, "Ni mimi."

Wazazi wenzangu, nimeshawahi kuibiwa mzigo dukani na nimeshawahi kudhulumiwa na mteja niliyemwamini. Hakuna kilichoniuma kama swali lile la mtu mwenye nia njema.

Nauza kanga na vitenge Kariakoo. Tunaishi ghorofa ya tatu, mtaa wa pili kutoka kwenye fremu yangu, na watu huniambia nina bahati kwa kuwa kazi iko karibu na nyumbani. Ni kweli iko karibu. Lakini saa kumi na mbili na nusu asubuhi ninapotoka, watoto wamelala, na saa mbili usiku ninaporudi, mdogo ameshalala na mkubwa anasinzia. Msimu wa sikukuu, wanapokuja wateja wa jumla kutoka mikoani, Zambia, Malawi na Kongo, ndiyo kabisa. Jumapili maduka mengi hufungwa, lakini mimi hushinda nikihesabu mzigo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Sisi wa fremu likizo yetu tunajipa wenyewe, na mwenye fremu anataka kodi yake tarehe ileile. Mdogo alipofikisha arobaini nilirudi dukani. Mwezi wa kwanza nilipanda ngazi kumnyonyesha mara tatu kwa siku, baadaye mara moja, baadaye nikawa naacha maziwa kwenye chupa. Sikuamua siku moja kumwacha mtoto. Ilitokea kidogo kidogo.

Safari ya bustanini ilikuwa fidia. Dada alipoaga, nilipiga hesabu nikaona sina namna ila kufunga duka Jumapili nzima, na nikasema kama nafunga, basi watoto wafurahi. Baba yao akakubali. Tulichagua bustani moja ya michezo upande wa Kigamboni, yenye mabwawa ya watoto, treni ndogo, bembea za kuzunguka na jumba la kurukia lililojazwa upepo. Nilishaona picha za watoto wa rafiki zangu huko, wamevaa miwani ya jua. Sitawaficha, nami nilitaka picha za kuweka stetasi.

Tuliondoka saa nne asubuhi. Tulitembea hadi kituo cha Fire, tukapanda mwendokasi hadi Kivukoni, tukavuka kwa pantoni, halafu bajaji. Wenye gari wanaweza kuzunguka Kurasini na kupita Daraja la Nyerere. Ndani ya pantoni mkubwa, mwenye miaka mitatu na nusu, alitaka kusimama karibu na ukingo aone maji. Mimi nilikuwa na haraka, namwambia "twende, twende, tutachelewa michezo."

Bustanini tulilipa kiingilio, halafu tukanunua na tiketi za michezo. Kwa hesabu zangu za dukani, ilikuwa faida ya siku tatu nzuri. Hatua ya kwanza ikawa kibao cha kupimia urefu. Karibu nusu ya michezo niliyoilipia ilikuwa haimruhusu hata mkubwa, na ni haki, kwa sababu ule mkanda wa kiti usingemshika. Iliyobaki, jumba la kurukia lilikuwa na watoto wa shule wanaoruka kama mpira, akaogopa. Bembea ya kuzunguka ilipoanza tu muziki wake, akashika shati la baba yake akasema, "Baba, tushuke." Baba yao akashuka naye kabla haijazunguka mara ya pili.

Mdogo yeye alipata raha yake peke yake. Karibu na bwawa kulikuwa na bomba linalovuja, chini yake mchanga umelowa. Akakaa hapo. Akachota mchanga kwa kifuniko cha chupa, akaumwaga, akachota tena. Nilimnyanyua mara mbili nimpeleke bwawani nilikolipia, naye mara mbili akarudi bombani. Mara ya tatu nilimvuta mkono kwa hasira kidogo. Akateleza. Ndipo akaanguka, na ndipo akamwita Dada.

Alilia dakika ishirini. Nilimpa biskuti akaitupa. Nilimpa simu yenye katuni akaisukuma. Nilimwimbia, akaziba masikio. Baba yao akajaribu, ikawa vilevile. Mwishowe akaniambia, "Mama, hapa tusijifanye. Mpigie mwenyewe."

Nilipiga. Dada alipokea akiwa hospitalini na mama yake. Baada ya kumpa pole na kusikia hali ya mgonjwa, nilimweleza, naye akasikiliza kile kilio kwenye simu kwa muda mfupi tu.

"Mama, saa ngapi sasa hivi?"

"Saa saba na nusu."

"Basi huyo halilii goti, analilia usingizi. Saa sita na nusu huwa ameshalala. Humo kwenye begi, chini kabisa, kuna kanga yangu ya njano iliyochakaa. Mbebe mgongoni na hiyo, usimpakate, hapendi kupakatwa akiwa na usingizi. Halafu tembea polepole, usiongee naye."

Begi lile la watoto ni yeye aliyelipanga kabla ya kuondoka. Nilitoa pampasi, nguo za kubadili, chupa ya uji, na chini kabisa nikaikuta ile kanga, laini kwa kufuliwa, imetoboka pembeni. Nauza kanga kwa mamia. Naijua kila rangi na kila msemo unaotoka sokoni mwaka huo. Sikujua kwamba mwanangu ana kanga yake ya kulalia.

Nilimfunga mgongoni. Akalalamika kidogo, akaishika pindo, akalaza shavu. Nilitembea chini ya miti kwenda na kurudi, na kabla sijamaliza mzunguko wa tatu nikasikia pumzi zake zimetulia. Nikaendelea kutembea zaidi ya saa nzima. Ningeweza kumlaza kwenye mkeka, lakini sikutaka kumshusha.

Niliporudi nyumbani nilianza kusoma. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13. Mimi nilikuwa nimempangia wangu michezo saa ileile ya kulala. Na hapa kwetu, programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto iliyozinduliwa mwaka 2021 inataja mambo matano ambayo mtoto mdogo anahitaji: afya bora, lishe ya kutosha, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama, na malezi yenye mwitikio. Hilo la mwisho nililisoma mara mbili. Maana yake ni kwamba mtoto anapotoa ishara, awepo mtu wa kuielewa na kuijibu. Mwanangu hakukosa mtu huyo. Alikuwa naye, ila si mimi, na hakuwa na kosa kumwita.

Kurudi, tulipanda pantoni jua likiwa limelala. Safari hii sikuwa na haraka. Mkubwa alisimama ukingoni ameshikwa na baba yake, akauliza maswali yote aliyoyameza asubuhi: meli ile inakwenda wapi, samaki wanalala wapi, kwa nini maji hayamwagiki. Mdogo alikuwa macho, bado mgongoni, anapungia mkono kila mtu. Mara meli moja kubwa ikapiga honi. Akashtuka mwili mzima, akaficha uso kwenye shingo yangu na kunishika kwa mikono yote miwili. Nilisimama hivyo hivyo hadi ng'ambo.

Dada alirudi baada ya wiki tatu, mama yake akiwa na nafuu. Mtoto alimkimbilia mlangoni akicheka, nami sikuona wivu niliodhani nitauona. Nilimwomba anifundishe. Alishangaa, lakini alinifundisha: uji anaupenda vuguvugu, si moto, akikwaruza sikio, ana usingizi, ukitaka avae shati, mpe alivae dubwana lake kwanza. Sasa nafungua duka saa tatu badala ya saa moja, baada ya kumwogesha mwenyewe. Wateja wawili wa alfajiri nimewapoteza. Jumapili nakaa na watoto, na Dada anapumzika, jambo ambalo sheria ileile ya 2004 inampa mfanyakazi, yaani angalau saa 24 za mapumziko kila wiki. Nami nilikuwa nimelisahau kwa miaka miwili.

Kwa mnaopanga safari kama yetu: ulizeni kwanza michezo gani inaruhusu watoto wa umri wenu, na msinunue tiketi zote mlangoni. Fikeni asubuhi, ikifika saa ya kulala, walale. Andikeni namba ya simu kwenye karatasi, mbandike ndani ya nguo ya mtoto. Bwawani mtu mzima awe ndani ya maji pamoja naye, umbali wa kumfikia kwa mkono, hata kama maji ni ya magotini. Na mtoto akichagua bomba linalovuja badala ya mchezo wa pesa nyingi, mwacheni, hakikisheni tu hapatelezi.

Bustani hatujarudi bado. Tutarudi wakifikia kile kibao cha urefu. Kwa sasa Jumapili jioni tunakwenda Kivukoni, tunalipa nauli, tunavuka, tunanunua mahindi ya kuchoma, tunarudi. Wiki iliyopita mdogo aliteleza kwenye ngazi za nyumbani, akakaa chini akaanza kulia. Dada na mimi sote tulikuwa pale. Alituangalia mmoja mmoja kama anayechagua, kisha akanyoosha mkono huku na mkono huku.