Ufunguo Uliozama Ziwani

Kila ninapofundisha kauli ya kutendua huanza na mifano ile ile. Naandika ubaoni funga, kisha fungua. Ziba, kisha zibua. Kunja, kisha kunjua. Halafu nawauliza wanafunzi: kwa nini kile chombo cha mlangoni kimeitwa ufunguo, kwa jina litokanalo na kufungua, ilhali hicho hicho ndicho kinachofunga? Hapa kwetu Kafutuma, kando ya Ziwa Mweru, swali hili halimpeleki mtu mbali, maana Kibemba nacho husema ulufungulo, na mtoto yeyote husikia undugu wa maneno hayo mawili. Jibu langu la siku zote lilikuwa kwamba binadamu alikipa chombo hicho jina la ile kazi anayoililia zaidi. Hakuna aliyewahi kukosa usingizi kwa sababu mlango wake umekataa kufungwa. Kwa kweli wapo, lakini hao nawaachia mafundi seremala.

Tangu Novemba ya mwaka juzi nimekuwa nikifundisha somo hilo huku nikiliona gari moja machoni pangu.

Gari hilo ni la shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Yeye ni mchuuzi wa samaki. Hununua hapa mwaloni, hasa wale dagaa ambao sisi tunawaita chisense, akawapeleka Copperbelt. Baada ya miaka mingi ya kupanda malori ya watu akaamua kununua gari, wala si lori. Alinunua gari la kifahari lililokwisha kutumika Japani, lile la mseto, lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Dada alipomuuliza kama samaki watakaa kwenye viti vya ngozi, shemeji alijibu kwamba gari lile halikununuliwa kwa ajili ya samaki. Lilikuwa la maharusi, na la wageni wajao Mwansabombwe kila Julai kwa sherehe ya Mutomboko ya Mwata Kazembe. Sehemu ya fedha aliikopa katika chilimba ya dada na wenzake, yaani akina mama kumi na wawili wanaochangiana kila mwezi. Kwa hiyo gari lile lilikuwa na wenyewe wengi kuliko viti vyake.

Lilikuja na ufunguo mmoja. Magari mengi yanayopitia minada ya Japani huja hivyo, na mnunuzi aliyekwisha kulipa meli na ushuru haoni shida: nani anahitaji funguo mbili? Kioo cha mbele ya dereva kilizungumza Kijapani, na sauti ya mwanamke ilitusalimu kila asubuhi kwa maneno ambayo mpaka leo hatujui kama yalikuwa salamu au onyo.

Siku ya tukio tulikuwa mwaloni jioni. Shemeji alikuwa ameliegesha gari kwenye njia ya mchanga inayoshuka majini, kwa dakika tano tu, alisema, ili apokee mzigo mmoja. Aliinama kushika kamba ya mtumbwi. Kitu cheusi, kidogo kuliko kipande cha sabuni, kikatoka katika mfuko wa shati na kutumbukia. Hakikuelea hata kidogo. Vijana walipiga mbizi hadi giza likaingia, wakatoa kome, kipande cha wavu na kijiko.

Wengi wenu mnaujua ufunguo wa aina hii, nanyi huuita rimoti. Hauingizwi popote. Ukikaribia mlango, gari hutoa wimbi dogo la redio lisilofika mbali, karibu hatua moja au mbili. Rimoti hulisikia na kujibu kwa namba ya siri. Namba ikikubalika, mlango hufunguka na injini huruhusiwa kuwaka. Ndani ya rimoti mna betri bapa ya volti 3, mfano wa sarafu, na pia mna ufunguo mwembamba wa chuma uliofichwa kwa ajili ya siku ambayo betri itakufa. Hata betri ikifa, kuna kidubwasha kingine ambacho gari laweza kukisoma ukiigusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia. Waundaji walifikiria mengi. Lakini akiba zote hizo waliziweka ndani ya chombo kimoja, na chombo hicho sasa kilikuwa chini ya Mweru.

Fundi wa baiskeli aliufungua mlango kwa waya. Gari likaanza kulia. Lililia kwa vipindi usiku kucha, likinyamaza na kuanza tena, mpaka betri yake ndogo ya volti 12 ikaishiwa nguvu. Hapo nilijifunza jambo ambalo wenye magari ya umeme duniani kote hulijua kwa uchungu: betri kubwa ya kuendeshea haiwezi kuamka bila ile ndogo. Gari laweza kuwa na umeme wa kutosha safari ndefu na lisiweze hata kukufungulia mlango, kwa kuwa ubongo wake hulishwa na betri ndogo isiyotofautiana sana na ya gari la babu yako. Gia ilikuwa imejifunga katika nafasi ya maegesho, na magurudumu ya nyuma hayakukubali kuzunguka.

Na alfajiri lilikuwa linakuja lori la barafu.

Hili ndilo lililogeuza msiba wa mtu mmoja kuwa wa mwalo mzima. Zilikuwa siku za mwisho kabla ya kufungwa kwa uvuvi, ambao kila mwaka husimamishwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, na kila mtu alikuwa anaharakisha kuuza. Bila barafu samaki wabichi wangeharibika, na njia ya lori ilikuwa imezibwa na gari la maharusi. Wazee hawakugombana. Waliagiza magogo yale yale yanayotumika kupandisha mashua kubwa nchi kavu. Watu kama ishirini walilinyanyua gari upande mmoja, wakasukuma gogo chini yake, kisha upande wa pili, na kwa kamba za mashua wakalivuta huku wakiimba wimbo wa kuvutia mashua, kwa kuwa hakuna wimbo wa kuvutia gari la kifahari. Nilikuwa kwenye kamba. Shemeji alikuwa mbele yangu, na hakuimba.

Lori lilipita saa moja kasoro.

Baada ya hapo zikaja wiki za simu. Aliyemuuzia, kampuni ya mbali iliyotangaza gari kwa picha tu, alijibu kwa adabu kwamba wajibu wake ulikwisha gari lilipopakiwa melini. Karakana moja ya Lusaka ilitaja bei iliyozidi mshahara wangu wa miezi mitatu, tena baada ya gari kufikishwa huko, na gari lenyewe haliwezi kutembea. Sababu ya ughali si plastiki ya rimoti. Kompyuta ya gari inapaswa kuambiwa iusahau ufunguo wa zamani na iukubali mpya, na ruhusa ya kuiambia hivyo imo katika mitambo na namba ambazo watengenezaji huzilinda. Kuzilinda kuna maana yake, sikatai: bila ulinzi huo mwizi mwenye kompyuta angeondoka na gari lolote. Lakini mlinzi anayemzuia mwizi na mwenye mali kwa nguvu zile zile ana kasoro.

Shemeji alikuwa amekwisha kupokea arubuni ya arusi mbili, moja Mansa na nyingine Kawambwa. Alizirudisha zote. Fedha ya arusi ya Mansa ilikuwa imetumika, hivyo dada aliitoa kwenye zamu yake ya chilimba, zamu aliyoingoja tangu Februari. Hilo halikusemwa mbele ya watu. Nalisema hapa kwa idhini yake.

Nilipoanza kusoma habari za magari haya niligundua kwamba matajiri wa mbali wamekaa kwenye mchanga ule ule. Tarehe 19 Novemba 2021 mfumo wa Tesla ulipata hitilafu, na wamiliki katika nchi mbalimbali, waliozoea kufungua magari kwa simu, wakabaki nje ya magari yao kwa saa kadhaa, hasa wale walioacha kadi za ufunguo nyumbani. Mwaka 2024 Nissan iliwaarifu wamiliki wa Leaf za zamani nchini Uingereza kwamba programu ya simu waliyoitumia kupasha gari joto na kuangalia chaji ingesitishwa, kwa kuwa mtandao wa simu wa 2G ulikuwa unazimwa huko. Gari lilikuwa zima. Kilichokufa ni mawasiliano yake na mwenyewe.

Kisa cha Fisker ndicho kilichonisikitisha zaidi. Kampuni hiyo ya Marekani iliuza gari la umeme liitwalo Ocean, lililoundwa Graz, Austria, na toleo lake la juu lilikaribia dola 70,000. Wanunuzi walilalamikia vitasa, breki, programu na hizo rimoti zisizotambulika. Juni 2024 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Fikirini: nani sasa atarekebisha programu ya gari ambalo mwalimu wake amekufa? Wamiliki wakaunda chama chao, wakaanza kusaidiana kutafuta vipuri na funguo na kujifunza namna ya kuyatunza magari hayo bila kampuni. Niliposoma hilo nilikumbuka magogo na kamba za mashua.

Tena sisi si wageni kabisa katika habari ya magari haya. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani, madini yatumikayo katika betri nyingi za magari ya umeme, hutoka Kongo, nchi ambayo tunaitazama ng'ambo ya ziwa. Katika miaka ya 2000 madini ya shaba na fedha ya mgodi wa Dikulushi, karibu na Kilwa ya Kongo, yalivushwa kwa pantoni juu ya maji haya haya kuja upande wetu. Mansa, mji mkuu wa jimbo letu, palikuwa na kiwanda cha betri za tochi na redio. Kilifungwa katika miaka ya 1990. Aprili 2022 Zambia na Kongo zilitia saini mapatano ya kushirikiana kutengeneza betri za magari. Siwezi kuwaambia kama nitaiona betri hiyo. Ninachoona ni madini yakivuka kwenda, na gari likirudi likisema lugha tusiyoielewa.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama shemeji hangeweza kushtaki. Swali zuri. Zambia ina Sheria ya Ushindani na Ulinzi wa Mlaji, namba 24 ya mwaka 2010, na tume inayoisimamia, ambayo raia anaweza kuipelekea malalamiko akidanganywa au akiuziwa bidhaa mbovu. Lakini muuzaji hakudanganya: alitangaza ufunguo mmoja, akaleta mmoja. Na gari halikuwa bovu. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, wapiga kura waliamua mwaka 2020, kwa takriban robo tatu ya kura, kwamba taarifa ambazo gari hutuma kwa njia ya redio zipatikane pia kwa mwenye gari na fundi amchaguaye, si kwa mtengenezaji peke yake. Watengenezaji wakaenda mahakamani. Sisi bado hatujaulizwa swali hilo kwa kura, wala sijasikia mgombea akilitaja mwaloni.

Kiswahili kina namna mbili za kumtaja mtu huyo. Tunasema mmiliki, kutokana na neno miliki lililotoka Kiarabu, na hilo ndilo linaloandikwa kwenye hati. Tunasema pia mwenye gari, na hilo ni la Kibantu, likimaanisha yule aliye na gari. Kwa wiki sita shemeji alikuwa mmiliki kwa hati zote. Sijui kama alikuwa mwenye gari, na darasani tulibishana kipindi kizima bila kumaliza.

Mnamo Januari akaja kijana fundi kutoka Kitwe, kwa basi, akiwa na kompyuta ndogo, nyaya na rimoti mpya mkobani. Aliweka betri nyingine ya volti 12, akaketi kwenye kiti cha ngozi kilichokwisha kushika harufu ya samaki, akafanya kazi tangu asubuhi hadi adhuhuri. Gari likawaka. Yule mwanamke akatusalimu. Shemeji aliomba ufunguo wa pili utengenezwe hapo hapo. Akatajiwa bei, akasema wa pili utangoja.

Uvuvi ulipofunguliwa Machi, mvulana mmoja alikuja nyumbani na kitu cheusi kilichonaswa wavuni. Shemeji alitoa kile chuma kilichofichwa ndani, akaenda kwenye gari: mlango ulifunguka. Alipobadilisha betri bapa na kubonyeza kitufe cha kuwashia, kioo kiliandika sentensi ya Kijapani na gari halikuwaka. Fundi alikuwa ameliamuru limsahau. Hata hivyo shemeji alimpa mvulana kwacha alizoahidi Novemba, bila kupunguza. Ufunguo wa zamani ameuweka kabatini kwa ajili ya mlango. Ule mpya ameufunga kwenye boya la wavu, kubwa kama ngumi, na huingia nao arusini hivyo hivyo.