Nilivyoachana na mshale

Skyrim, gemu iliyotoka Novemba 2011, nimeimaliza, na hadi leo ukiniuliza kutoka Whiterun kwenda Riften mtu anapita wapi, sina jibu. Safari hiyo nimeifanya mara nyingi sana. Majoka nimeua, chama cha wapiganaji nimekiongoza, wachawi wamenipa ukuu wa chuo chao ilhali uchawi wenyewe siujui vizuri, na wezi nao wakanifanya mkubwa wao. Njia ndiyo siijui, kwa kuwa sikuwahi kuiangalia. Macho yangu yalikuwa juu ya skrini, kwenye kile kimstari cha dira chenye mshale mdogo mweupe unaokwambia pinda huku, nyooka, haya umefika.

Siku hizi nacheza na daftari na penseli pembeni. Naandika majina ya watu, madaraja, njia panda, na nani kasema nini kuhusu nani. Mke wangu alipoliona lile daftari mara ya kwanza alidhani nimejiandikisha chuo.

Gemu ninazozisema ni zile za uhusika, ambazo sisi wenyewe tunaziita RPG. Unatengeneza mtu, unampa jina, unaamua atakuwa hodari wa nini na dhaifu wa nini, kisha unaingia naye duniani na kuishi na maamuzi yake. Mzizi wake ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974: watu wanakaa na karatasi na dadu, na mmoja wao anawasimulia wenzake wako wapi na nini kinawajia. Kompyuta ilikuja kushika nafasi ya huyo msimulizi. Yote niliyobadilika nayo yanahusu aina ya msimulizi ninayemtaka.

Mimi nilizijulia kwenye banda la gemu, Temeke. Banda lile lilikuwa la mpira. Watu wa RPG tulikuwa wachache, tukisubiri wenye mechi zao wamalize. Unalipia muda, na saa ya mwenye banda haikujali kwamba mtu fulani wa kijiji cha Riverwood ndiyo kwanza anaanza kusimulia matatizo ya familia yake. Nani asome huku hela inakatika? Ilikuwa ni kubonyeza na kubonyeza, maneno yaruke, mshale utokee, twende. Sidhani kama kuna mtu pale bandani aliyewahi kujua vita vya Skyrim vinapiganiwa nini. Wala gemu haikutudai tujue. Ilikwenda vilevile.

Kilichonitoa huko ni ufukara tu. Kompyuta niliyoimudu baadaye ilikuwa mtumba wa ofisini usio na kadi ya picha. Gemu mpya ukiifungua inakoroma kidogo kisha inazima. Nikatafuta kitu itakachokiweza, nikaangukia Morrowind, kazi ya Bethesda, kampuni ileile iliyotengeneza Skyrim, ya mwaka 2002.

Morrowind inaanza unashushwa melini, mfungwa aliyeachiwa, kwenye kijiji cha pwani yenye matope kiitwacho Seyda Neen. Unakabidhiwa furushi la nyaraka na maelekezo: nenda mji wa Balmora, ulizia kwenye kilabu cha South Wall, watu wa pale wanajua anakopatikana bwana mmoja anaitwa Caius Cosades. Basi. Unaweza kupanda silt strider, mdudu mrefu kuliko nyumba ambaye mgongo wake umechongwa ukawa chombo cha abiria, au ukatembea. Nilitembea. Nikapotea, nikarudi nyuma, nikasoma kibao cha njia panda kwa makini kama mgeni yeyote anavyosoma.

Kabla sijafika mbali nikasikia ukelele juu angani. Mchawi mmoja akashuka kama mzigo na kufia mbele yangu barabarani. Kwenye mwili wake nikakuta daftari ambamo amejisifu kwamba amegundua tamko la kumwezesha mtu kuruka umbali wa ajabu, pamoja na hati tatu za tamko hilo. Hakuna aliyenieleza nizifanyie nini. Nikasoma moja, nikaruka, kijiji kikawa kidogo, bahari ikaonekana yote, na nikiwa huko juu ndipo nilipoelewa yule bwana alikufa kwa nini: tamko linakupandisha, halikushushi. Nikafa kifo chake. Nilicheka peke yangu usiku ule hadi nikaulizwa kuna nini. Gemu za siku hizi zingeweka kisanduku cha maandishi: onyo, usisahau kutua.

Caius nilimpata. Alinipokea kifua wazi kwenye chumba kimoja chenye vifaa vya ulevi, na huyo ndiye mkuu wa majasusi wa dola nzima katika nchi ile. Akasoma barua, akanipa sarafu 200, akaniambia kwa ufupi kwamba sijafaa bado: nikajiunge na chama chochote, nipate uzoefu, ndipo nirudi. Mimi nilikuwa nimezoea gemu inayonibembeleza niokoe ulimwengu. Hii ilinituma nikatafute kazi.

Niliporudi, kazi ya kwanza ilinipeleka kwa mtu wa chama cha wapiganaji aliyetaka kijisanduku cha mafumbo kutoka magofu ya Arkngthand. Maelekezo yake ni ya mdomo: toka mjini uelekee mashariki, pita ngome ya Moonmoth, vuka daraja la kale lililo juu ya bonde la majivu, na mlango usiusukume, utafute mtambo wa kuuzungushia ulio nje. Nikaandika yote. Daraja nikaliona, mtambo ukanitesa kidogo, ndani nikapigana na majambazi waliokuwa wakipora vitu. Halafu kijisanduku chenyewe hakipo. Kipo, ila ni kidogo, kimewekwa kwenye rafu kati ya vikorokoro vingine, na ukipita mbio huoni kitu. Nilikitafuta usiku mzima, kesho yake nikarudi tena. Magofu yale nayajua hadi leo kuliko sehemu yoyote ya Skyrim, na nilipokiona nilipiga meza.

Ila kilichoniteka zaidi ya hayo ni habari za Nerevar, shujaa wa zamani ambaye wewe unaambiwa huenda ndiye aliyerudi duniani. Ukiwauliza makuhani wa hekaluni, alikufa kwa majeraha ya vita. Ukiwauliza wachungaji wa nyika ya majivu, aliuawa na rafiki zake watatu, haohao ambao leo wanaabudiwa kama miungu hekaluni. Vitabu viko humohumo ndani ya gemu, kila kimoja na upande wake, na mwishoni hakuna anayekuja kukusahihishia. Hata suala la kama kweli wewe ndiye uliyetabiriwa, au ni mfungwa tu aliyetumwa na serikali kwa sababu tarehe yake ya kuzaliwa ililingana na utabiri, uamuzi ni wako. Aliyewahi kumsikiliza mzee mmoja akisimulia Fumo Liyongo, kisha akamsikia mwingine akikanusha nusu yake, anaijua hali hiyo.

Baada ya hapo nilirudi Skyrim, kwa mtumba wenye nguvu zaidi, nikazima mshale ili nicheze kwa mtindo mpya. Haikuwezekana. Mtu ananiambia kaniletee upanga wa baba yangu, nikimsikiliza hadi mwisho hanielezi uko upande gani, na daftari la gemu limeandika jina la pango tu. Kumbe mshale haukuwekwa juu ya maelekezo ili kuwasaidia wavivu. Umechukua nafasi ya maelekezo, ambayo hayakuandikwa kabisa. Ukiuondoa, chini yake hakuna kitu.

Sababu kubwa, kwa ninavyoona, ni sauti. Katika Morrowind mazungumzo mengi ni maandishi. Oblivion, iliyofuata Morrowind, ilipotoka mwaka 2006, dira yenye mshale ikaingia, na kila mhusika akapewa sauti. Mfalme aliigizwa na Patrick Stewart, mwanawe na Sean Bean. Sentensi ya kuandika inamgharimu mwandishi jioni moja. Ikiwa ya kurekodi inataka mwigizaji na studio, na ukihamisha pango kutoka kaskazini kwenda kusini inabidi aitwe tena. Kwa hiyo watu wa kwenye gemu wakaanza kusema machache, na njia ikaachiwa mshale. Wengine hulilia zaidi hesabu zilizopunguzwa: Morrowind ina stadi 27, Oblivion 21, Skyrim 18, na zile sifa nane za mwili na akili zimefutwa. Mimi hilo halininyimi usingizi. Meza ya namba inaweza kuwa ndefu na gemu ikabaki tupu. Linalonikera ni kwamba Morrowind unaweza kumuua mtu muhimu, ikakutaarifu kwamba umevuruga utabiri, na ikakuacha uendelee kuishi katika dunia uliyoiharibu. Skyrim mtu huyo anapiga goti, anapumua kidogo, anasimama.

Hata hivyo siwezi kuulaani mshale, na sababu yangu ni mpwa wangu. Alikuja likizo akiwa darasa la saba, nikampa Morrowind. Akazunguka Seyda Neen kidogo, akanigeukia.

“Mjomba, mshale uko wapi?”

“Hamna.”

“Sasa mtu anajuaje pa kwenda?”

“Uliza watu, mjomba.”

“Wanaongea Kiingereza.”

Alikuwa na haki yake. Huo “undani” wa gemu za zamani umeandikwa kwa Kiingereza kizito, na mimi mwenyewe niliupenya nikiwa na kamusi ya TUKI mapajani. Mshale ndio uliowafungulia mlango vijana wa banda la Temeke; bila huo wasingeonja hata kidogo. Basi nikaketi karibu yake, nikawa namsomea kwa Kiswahili: anasema ukifika darajani usivuke, shika kushoto. Akachukua daftari langu, akaanza kuchora ramani. Ramani ile ina makosa, na tulitembea nayo likizo nzima.

Nisizipambe sana gemu za zamani. Watu wa Morrowind wamesimama mahali pamoja usiku na mchana, na ukiwauliza kuhusu mji wao wanakujibu kwa maneno yaleyale. Mwanzoni unampiga panya kwa upanga, unaona kabisa umempata, na dadu za ndani zinasema umekosa. Kuna ndege wanaitwa cliff racer ambao wangefaa kutoweka kwenye sayari. Na Ultima IV ya mwaka 1985, ambayo naiheshimu mno, kuicheza leo ni adhabu. Hata hivyo niliicheza, kwa ajili ya kitu kimoja nilichosikia kikisifiwa. Ndani yake hakuna adui mkuu wa kuuawa. Unatakiwa uwe mtu mwema, kwa fadhila nane, zikiwemo uaminifu na huruma. Muuza dawa za uchawi ni kipofu. Anakutajia bei, kisha unaandika mwenyewe kiasi unachompa, na ukimpunja haoni. Unaondoka na dawa zako, hakuna kengele, hakuna ujumbe. Gemu imeandika mahali, na utakuja kuuona upungufu wako wa uaminifu baadaye sana. Mtengenezaji wake, Richard Garriott, aliyafanya hayo kwenye kompyuta ambayo leo hata simu ya vitufe inaizidi.

Wala si kweli kwamba kazi hiyo ilikoma. Disco Elysium ya mwaka 2019, iliyozaliwa mikononi mwa kundi la wasanii wa Estonia, haina mapigano ya kubonyeza hata moja. Wewe ni mpelelezi aliyelewa hadi kusahau jina lake, na stadi zako 24 zinabishana nawe kichwani, nyingine zikikudanganya. Baldur's Gate 3 ya Larian, kampuni ya Ubelgiji, ilitoka Agosti 2023 ikiwa na sauti kila mahali na sura nzuri, na bado ikavumilia umuue mtu iliyekusudia akuongoze. Ikashinda tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Mimi niliisoma hiyo kama jibu kwa wale waliokuwa wakisema mnunuzi wa leo hana subira. Anayo, akipewa kitu cha kuvumilia. Hivyo siku hizi nikiulizwa gemu nzuri siangalii mwaka wake. Naangalia kama ukizima mshale kuna mtu wa kumuuliza njia.

Kama kompyuta yako ni mtumba kama wangu, Arena na Daggerfall, ndugu wakubwa wa Morrowind, zimetolewa bure na Bethesda wenyewe, na Ultima IV iko bure kwenye duka la mtandaoni la GOG. Lakini anza na Morrowind; ni ya kununua, na bei yake si ya kukutisha. Nunua na daftari. Ukifika Balmora ukakwama, usikimbilie intaneti, ingia South Wall uulize.