Bariadi Wanapomkumbuka Askari kwa Ngoma

Ukitoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, Lamadi ndipo unapoagana na Ziwa Viktoria. Harufu ya dagaa inabaki nyuma, basi linakata kulia, na mbele yako inafunguka nchi ya mbuga pana, mawe makubwa yaliyobebana na mashamba ya pamba hadi macho yanapokoma. Hii ndiyo Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumega Shinyanga na Mwanza, na Bariadi ndiyo makao yake makuu.

Bariadi ya Julai huamka na upepo. Alfajiri unatafuta sweta; ikifika saa nne jua limeshawaka na vumbi limeshatawala. Linaingia viatuni, kwenye nywele, hata kwenye kikombe cha chai. Lakini nani atanuna, ikiwa kila unayepishana naye anakusalimu? "Mwangaluka!" anaanza kwa Kisukuma bibi mwenye ndoo kichwani, na haridhiki na jibu la haraka. Atataka kujua umelalaje, nyumbani umewaachaje, na huko kwenu mvua ilinyesha au iliwatupa. Mwenye haraka hapa atajifunza kutulia, na atafurahi kwamba amejifunza.

Sokoni pua inatangulia macho. Kuna dagaa wa ziwani, mlenda uliokaushwa, dengu na choroko kwenye madebe, na safu ndefu za michembe na matobolwa. Vyote viwili ni viazi vitamu vilivyokaushwa, ila matobolwa huchemshwa kwanza. Nilitafuna matobolwa na chai ya maziwa kwa mama lishe, na utamu wake uliokolea ulinishibisha hadi mchana. Nilipotaka kulipia kipande cha nyongeza, mama alikataa. "Mgeni halipii cha kuonja," alisema.

Msimu huu ni wa pamba. Kwenye ghala la ushirika akina mama wameketi juu ya turubai wakichambua: nyeupe inakwenda upande wa safi, iliyochafuka upande wa fifi, na bei ya mwaka mzima wa jasho inategemea vidole hivyo. Nyuzi zinaelea hewani na kutua kwenye kope za watu. Nje, maksai wanavuta mikokoteni iliyojaa marobota, bila kushtushwa na honi za bodaboda.

Mchana nilipanda mchomoko, gari dogo la abiria, kwenda upande wa Itilima, abiria tumebanana, kuku mmoja miguuni pangu. Nilikuwa nimealikwa kwenye mji wa familia moja, uliozungushiwa ua wa minyaa. Familia hiyo ilimpoteza baba yao, na baada ya mavuno walikuwa wameita ngoma ya kumkumbuka. "Shikamoo, mayu," nilimwamkia mjane wake. "Marahaba, mwanangu. Njoo ule kwanza, habari zitafuata." Ukaja ugali wa mtama, maziwa mgando na kuku wa kienyeji, na habari zikafuata kweli.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, marehemu alikuwa kijana wa mgambo mwenye mke na mtoto mchanga. Alikwenda pamoja na maelfu ya wenzake. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na baadaye yeye akarudi kwenye jembe lake. Wenzake wengi hawakurudi. Baadhi yao wamelala Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita vile. Watoto wake wanasema vita hakuvisimulia. Aliviimba. Jioni, ng'ombe wakishaingia zizini, alichukua ndono na kuwataja wenzake mmoja mmoja kwa majina ya baba zao.

Kijana wake wa kwanza aliniletea ndono hiyo. Ni upinde wenye uzi mmoja, na kibuyu kilichokatwa mdomo kimefungwa kwenye mti wake. Mpigaji huegemeza kibuyu kifuani na kugonga uzi kwa kijiti chembamba. Akikibana, sauti inazama, akikiachia, inavuma. Pale kidole gumba kinaposhika, mti umelainika na kung'aa kwa miaka ya kushikwa. Mzee hakuwahi kulipwa kwa muziki. Alilima pamba, akasomesha watoto, akawaamua majirani waliogombana, na ndono ilikuwa ya nyumbani.

Jua lilipoinama ngoma ilianza. Usukumani wachezaji wamegawanyika tangu karne ya 19 katika vyama viwili, Bagika na Bagalu, na baada ya mavuno hushindana hadi watazamaji waamue kwa kuhamia upande unaowavutia. Mzee alikuwa Mgalu, lakini Bagika nao walikuja kumuaga. Vijana wa bugobogobo walirusha majembe juu na kuyadaka kwa pigo la ngoma, njuga zikilia miguuni, vumbi likipanda hadi magotini. Manju akatunga papo hapo juu ya marehemu: kiangazi alichochimba kisima, ng'ombe aliyemkopesha jirani, safari ya Kagera. Mjane alisimama, akaingia uwanjani na kucheza. Wajukuu wakamfuata.

Nimeona sanamu za askari katika miji mikubwa, na sidhani ipo inayomweleza mtu kwa ukamilifu kama ulivyofanya wimbo ule. Ulimtaja askari, mkulima, baba na mpiga ndono kwa pumzi moja, mbele ya watu waliomfahamu na ambao wangeweza kuusahihisha.

Nenda Simiyu kati ya Juni na Agosti, pamba ikiwa ghalani na ngoma zikiwa uwanjani. Beba sweta, muda na masikio. Na kama kwenu yupo mzee aliyepigana Kagera na bado anaimba, usingoje msiba ndipo umsikilize: keti naye jioni hii, washa simu yako, umrekodi.